Watano kwenye karatasi, wawili kazini

BARUA

Shikamooni walimu,

Nasoma kidato cha tatu, shule ya kutwa, hapa Tanga mjini. Shule yetu imeingia kwenye mashindano ya timu za wanafunzi. Mnapewa tatizo linaloisumbua dunia nzima, mnalichambua, mnapendekeza suluhisho linaloweza kufanyika mahali mlipo, kisha mnalitetea mbele ya majaji. Mada ya safari hii ni plastiki baharini. Tunaandika ripoti ya kurasa nne, tunawasilisha kwa dakika 10, halafu tunaulizwa maswali kwa dakika 5, na jaji anaweza kumwuliza yeyote katika timu. Alama ziko hivi: uelewa wa tatizo 25, ushahidi 20, suluhisho 25, uongozi na ushirikiano 20, uwasilishaji 10. Zimebaki wiki tano.

Tuko watano na mimi ndiye nahodha. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu Kiingereza changu si kibaya. Wazo letu ni programu ya simu: mtu akiona taka ufukweni anapiga picha, picha inatumwa, wahusika wanakuja kuzoa.

Shida ni kwamba kazi tunafanya wawili. Wa tatu anakuja ila hasemi kitu. Wengine wawili hawaonekani kabisa. Tunakutana kila siku saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili, wao wanasema saa hiyo hawawezi, basi imetoka hiyo. Mwalimu mlezi kaniambia, "Wewe ndiye kiongozi, amua." Mwenzangu anataka tuwatoe tuweke wengine. Mmoja wa hao wawili ni binti wa jirani yetu Ngamiani, mama yake na mama yangu ni mashoga wa siku nyingi, nikimtoa nyumbani hakutakalika.

Niwaondoe? Na hiyo programu, itatufikisha?

Nahodha, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na la watu, maana ndilo linalokunyima usingizi. Usimtoe mtu wiki hii. Saa kumi jioni, kwa mtoto wa Ngamiani, ni saa ya chuoni, yaani madrasa, na asiyekwenda chuoni huenda yuko na mama yake anawasha moto wa mihogo. Mtu akikwambia "saa hiyo siwezi" amekuonyesha kasoro ya ratiba, na ratiba umeipanga wewe. Tena vikao vya saa mbili kila siku ni vingi mno hata kwa mwenye nafasi. Watu wanakaa, wanazungumza, mmoja anaandika, kesho wanaanza palepale.

Kutaneni mara mbili kwa wiki, dakika 40, wakati wote watano mko shuleni. Mara tu baada ya kengele ya mwisho, kabla watu hawajatawanyika, panafaa. Dakika 10 za kwanza kila mtu anasema alichomaliza na kilichomkwamisha. Dakika 20 ni za jambo moja tu la kuamua. Zinazobaki mnagawana kazi, na kila kazi iwe na jina la mtu, siku, na kitu kinachoshikika. "Tafuta habari za plastiki" haina mwisho. Hata ungempa profesa asingejua amemaliza lini. "Leta ukurasa mmoja wenye aina za taka na idadi zake, Alhamisi" ina mwisho, na asiyeleta anajulikana bila ugomvi.

Wale wawili waite mmoja mmoja, pembeni, uwaulize siku na saa wanazoweza. Wape kazi ya kufanyia nyumbani au njiani, uone kitakachokuja baada ya siku kumi. Kama hakuja kitu, hapo sasa mwalimu mlezi awaandikie waandaaji kuuliza kama timu inaruhusiwa kubadilisha mtu na mwisho ni lini. Kwa mama jirani hutakuwa na deni, kwa sababu binti mwenyewe atakuwa ameona siku yake ilivyopita.

Yule asiyesema kitu ndiye wa kumwangalia zaidi. Majaji wazoefu hawapimi uongozi kwa kumsikiliza nahodha. Wanamtazama aliyekaa kimya mwisho wa mstari, wanamwuliza, "Kwa nini mliacha wazo lile mkachukua hili?" Akijibu, hata kwa sentensi mbili za kujikwaa, alama 20 za uongozi zimeanza kuingia. Akigeuka kumtazama nahodha, zinaondoka, na nahodha akimdakia jibu zinaondoka mara mbili.

Kwa hiyo msigawane kazi kwa mtindo wa mmoja atafute, mmoja aandike, mmoja aseme. Ukigawa hivyo, anayeandika ndiye pekee anayejua yote. Gawaneni maswali. Mmoja ashike taka zenyewe: ni zipi na kiasi gani. Wa pili, zinatoka wapi na zinafikaje baharini. Wa tatu, nani ana wajibu juu yake kisheria, kuanzia serikali ya mtaa na halmashauri ya jiji hadi NEMC, baraza linalosimamia mazingira nchini. Wa nne, wengine wamejaribu nini na kilikwamia wapi. Gharama chukua wewe nahodha, kwa sababu huwezi kuikamilisha bila kuwafuata wenzako wote wanne. Kila mmoja aandike robo tatu ya ukurasa kuhusu swali lake, kwa Kiswahili kwanza.

Nunueni pia daftari moja la maamuzi, la kawaida tu. Kila ukurasa upigwe mistari sita: tarehe, tulichoamua, sababu, nani atafanya, lini, kimefanyika au bado. Siku ya mashindano liwe mezani. Timu nyingi husema zinashirikiana. Zinazoweza kufungua ukurasa na kuonyesha siku zilipobadili msimamo ni chache.

Sasa programu ya simu. Tutasema wazi: iacheni. Majaji wameziona nyingi mno, na maswali yake yanajulikana. Picha ikishatumwa, nani anaipokea? Analipwa na nani? Gari la taka litatoka wapi, na dereva atajaziwa mafuta na nani? Mvuvi atumie bando lake kwa faida gani? Programu inatoa taarifa kwamba taka ipo, na taka ya ufukweni inaonekana na kila mtu bila simu. Mmeanza na chombo, mkakitafutia tatizo.

Rudini nyuma. Kuna mashindano ya kimataifa yanayoitwa Future Problem Solving, yaliyoanzishwa Marekani mwaka 1974 na E. Paul Torrance, mwanasaikolojia wa ubunifu. Timu zake za watu wanne hufanya kazi kwa saa mbili kwa hatua sita: kuorodhesha changamoto, kuchagua tatizo moja la msingi, kutoa mawazo mengi, kutunga vigezo, kuyapima mawazo kwa vigezo hivyo, kisha kuandika mpango wa utekelezaji. Hatua hizo zinafaa hata pale msiposhindana huko, na inayoamua zote ni ya pili. Timu ikiandika "plastiki inaua viumbe vya bahari" kuwa ndilo tatizo lake, imekwisha, maana hakuna wanafunzi watano wanaoweza kulitatua hilo kabla ya mitihani.

Tatizo la msingi linataka mahali, watu, kitu kimoja na sababu. Mfano, na mnaweza kuutumia mkiuona unawafaa: chupa za maji mtaani kwenu haziishi muda mrefu chini, kwa sababu waokota chupa wanaziuza kwa kilo. Vifuko vya barafu, ubuyu na karanga haviokotwi na mtu, kwa sababu ni vyepesi na hakuna anayevinunua. Vinalala kando ya duka, mvua ya vuli inavisukuma mtaroni, mtaro unavishusha baharini. Basi swali lenu linakuwa: tufanyeje ili vifuko vinavyouzwa kuzunguka shule yetu visifike mtaroni kabla vuli haijaanza? Limekuwa dogo, ndiyo. Ila sasa linapimika, na limebeba ndani yake jambo ambalo dunia nzima inahangaika nalo, yaani plastiki isiyo na bei haikusanywi.

Msikimbilie kusema mifuko ya plastiki imeshapigwa marufuku Tanzania. Katazo la tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa. Vifungashio vya bidhaa kadhaa viliruhusiwa kwa masharti. Anayeshika swali la sheria asome kanuni zenyewe, na awe tayari kueleza tofauti hiyo, maana ni swali ambalo jaji yeyote Mtanzania ataliuliza.

Ushahidi una alama 20, na timu nyingi huzitafuta mtandaoni wakati ziko ufukweni. Chukueni kamba ya katani ya mita 100 (ukiikosa katani Tanga, utaipata wapi?), mfunge kitambaa kila mita 10. Katani ikilowa hufupika, kwa hiyo ipimeni upya kabla ya kila kazi. Mtahitaji glavu nene jozi sita, moja ya akiba, magunia kama kumi, mizani ya kuning'iniza, na fomu yenye aina saba au nane za taka: chupa, vifuniko, vifuko vidogo, mifuko, nyavu na kamba za uvuvi, ndala, vipande visivyotambulika. Sindano na chupa zilizovunjika msishike. Mwalimu awepo na koleo. Kabla ya yote pelekeni barua kwa mtendaji wa mtaa, na kama ni diko la samaki, zungumzeni pia na BMU ya hapo, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe. Sura za watoto na za waokota chupa msipige picha bila ridhaa.

Lazeni kamba sambamba na mstari wa takataka, pale maji yanapoishia yakijaa. Okoteni kila kitu hadi majini, mkihesabu kwa kila mita 10. Fanyeni hivyo mara mbili, kwa kuachana wiki mbili, zote siku za bamvu, maji yanapojaa na kukupwa sana. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakihesabu mara moja siku ya bamvu na mara nyingine maji mafu, yaani yanapojaa na kukupwa kidogo tu, wanalinganisha fukwe mbili tofauti bila kujua, kwa kuwa maji yamefika na kurudi mahali tofauti. Siku za bamvu Tanga maji hukupwa sana asubuhi, kati ya saa nne na saa tano. Mvuvi yeyote wa Sahare atawapa saa kamili.

Hesabu ya kwanza itatoka kubwa sana. Msiitangaze kwa mbwembwe, kwa sababu ni malimbikizo ya miezi. Ya pili ndiyo inayosema ni kiasi gani kinafika ndani ya wiki mbili, na ndiyo ya kuweka kwenye ripoti kama kasi. Angalieni kalenda pia: Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanafanya usafi, na hesabu ya siku inayofuata itawadanganya. Andikeni upepo uliokuwapo, kusi au kaskazi, maana pepo hizo hubadili kinachotupwa ufukweni. Na mtoe idadi pamoja na uzito. Ndala moja iliyolowa inaweza kuzidi uzito wa rundo la vifuko, kwa hiyo jedwali la kilo peke yake litaonyesha kwamba vifuko si tatizo. Suuzeni mchanga, anikeni, ndipo mpime.

Mkitaja takwimu ya dunia, itajeni kwa ukamilifu. Ile "tani milioni 8 kila mwaka" inayonakiliwa kila mahali inatokana na utafiti wa Jambeck na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Science. Ulikadiria kwamba mwaka 2010 kati ya tani milioni 4.8 na 12.7 za plastiki ziliingia baharini kutoka nchi 192 za pwani. Ni makadirio, yana mwaka wake na yana upana. Vilevile mjue kwamba Machi 2022, jijini Nairobi, Umoja wa Mataifa uliamua kuanzisha mazungumzo ya mkataba wa plastiki, na vikao vya Busan mwishoni mwa 2024 na Geneva Agosti 2025 viliisha bila makubaliano. Sentensi mbili za ripoti zinatosha kwa hayo. Dunia mmeikuta kwenye mada. Alama zenu ziko mtaani.

Suluhisho msilipende kabla ya kulipima. Orodhesheni mawazo yasiyopungua kumi, chagueni vigezo vitano (gharama, muda, ruhusa, nani ataendeleza mkiondoka, litapunguza vifuko vingapi), kila wazo lipewe nafasi yake kwa kila kigezo. Chukua wazo la kutega wavu mdomoni mwa mtaro, ambalo kila timu ya pwani hulifikia. Macho ya wavu yakiwa makubwa, kifuko kinapita. Yakiwa madogo, majani na tope vinaziba kwenye mvua ya kwanza, na maji yanaingia dukani kwa mtu. Lazima pawe na njia ya maji kupita juu, mtu wa kuusafisha kila baada ya mvua, na ruhusa ya mwenye mtaro, ambaye kwa barabara za mjini aghalabu ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Katika wiki tano hampati hata kimoja. Kigezo cha ruhusa kitaliangusha, na ukurasa unaoonyesha jinsi lilivyoanguka utawapa alama.

Mnachoweza kujaribu kweli ni kidogo zaidi. Wauzaji watatu wa barafu karibu na shule, ndoo moja yenye kifuniko kwa kila mmoja. Wiki ya kwanza msiweke ndoo. Hesabuni tu vifuko vilivyolala ndani ya mita 50 kutoka kila duka, kila siku saa ileile. Iwe mchana, kabla ya kufagia, maana mkihesabu baada ya usafi wa asubuhi mtapima bidii ya mafagio. Wiki ya pili wekeni ndoo, hesabuni ya chini na ya ndooni. Wauzaji hawaweki hesabu ya mauzo, kwa hiyo muwaombe pakiti za vifuko vitupu: vilivyokuwapo asubuhi, vilivyobaki jioni. Bila wiki ile ya kwanza, jaji atauliza mnajuaje kwamba ndoo ndiyo iliyopunguza, na hamtakuwa na jibu.

Atauliza pia mkishavikusanya mnavipeleka wapi. Msiseme mtavichoma, moshi wake ni sumu, wala msitaje kiwanda cha kurejeleza msichokijua. Semeni vinakwenda kwenye kizimba cha taka cha mtaa na kutoka hapo dampo, hivyo vinazuiwa visifike mtaroni, na kwamba kuvirejeleza bado hamna njia. Jibu lenye mpaka huheshimiwa.

Nani atalipa baada ya mashindano? Hapo msiandike "wafadhili". Andikeni bei ya ndoo tatu, nani amezinunua, na nani amekubali kuzimwaga. Majaji wa Tanga hapa wana kipimo kizuri karibu yao: mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ilitafuta fedha za mradi wa maji kwa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, inayolipwa kwa mapato ya mamlaka yenyewe. Ndoo zenu si hatifungani, lakini swali ni lilelile, na muuzaji aliyekubali kwa maandishi kuendelea miezi mitatu ana uzito kuliko mfadhili asiye na jina.

Kuhusu mazoezi ya maswali, wiki ya mwisho nzima iwe yake. Andikeni maswali 30 kwenye vipande vya karatasi, anayechomoa ndiye anayejibu, kwa sekunde 40, hata kama swali si la eneo lake. Anzeni kwa Kiswahili. Mtu anayeshindwa kueleza kwa Kiswahili hajaelewa, na kumpa Kiingereza cha kukariri ni kumtega. Wakishaelewa, kila mmoja ajitungie sentensi zake za Kiingereza, fupi. Waandaaji waulizwe mapema, kwa maandishi, kama jibu la Kiswahili linakubalika. Wewe nahodha siku hiyo zungumza dakika mbili tu kati ya zile kumi, za kufungua, na unyamaze mwenzako anapotafuta neno. Hilo utalifanyia mazoezi kuliko yote.

Picha za kuwasilishia zisizidi nane: ramani ya mkono ya njia ya kifuko kutoka dukani hadi baharini, jedwali la hesabu mbili za ufukweni, jedwali la ndoo, gharama. Chapisheni nakala kwa kila jaji, na msitegemee projekta wala umeme. Bango la karatasi ya manila lenye ramani hiyohiyo libebeni, liwe limekunjwa kwa mviringo, lisikunjwe mara nne likashindwa kukaa ukutani.